Kadi ya Chungu

Julai. Ukungu umeshuka hadi mlangoni pa maktaba
na Loleza haupo, umefutwa kama hesabu ubaoni.
Nimevaa makoti mawili. Wanafunzi wa kidato cha nne
wamekuja kujibanza zaidi ya kusoma. Siwafukuzi,
vitabu navyo hupenda pumzi za watu.

Mezani pana chungu. Kimetoka Ikombe
kwa mtumbwi hadi Matema, kisha kwa lori la mchele,
kimeviringishwa majani makavu ya mgomba.
Mkuu kasema kona ya urithi inafunguliwa Ijumaa,
kila kitu kiwe na kadi.

Kadi ninayo. Inauliza:
Mwandishi.
Mchapishaji.
Mwaka. Toleo.
Kurasa ngapi.
Nimekwama penye neno la kwanza tangu saa mbili.

Ndipo akaingia Bi Atuganile, muuza magimbi wa Soko Matola,
kandambili mkononi asichafue sakafu.
"Ugonile," akasema, na mimi nikaitika.
Magazeti yetu huyafungua kwa ajili ya picha tu.
Lakini chungu hakukitazama. Alifumba macho,
akazamisha mkono hadi kiwiko,
kidole kikazunguka ndani polepole
kama cha mtoto anayefuata mstari.

"Huyu ni mashoto. Michirizi yote inakimbilia kule.
Na hapa, chini ya mdomo, aliacha kazi.
Mtoto alilia, au mvua ilikuja. Aliporudi
udongo ulishakaza, akaulainisha kwa mate."
Akagonga kwa ukucha. Chungu kikaitika.
"Kimeiva vizuri. Ila hakijapika hata siku moja.
Mnakilaza njaa?"

Nikaandika. Mwandishi: mwanamke, mashoto.
Kurasa: mmoja, wa mviringo.

Akauliza kama kinaazimwa.
Kanuni ni kanuni: chenye kadi huazimwa siku kumi na nne.
Akatia dole gumba penye saini,
akajitwisha, akaingia ukunguni.

Ijumaa mgeni rasmi alikata utepe
mbele ya duara la vumbi.

Siku ya kumi na tatu kikarudi,
tako jeusi tii, ndani kinanukia maharage.
Mkuu akapaza sauti: nani kaharibu mali ya maktaba?
Sikumjibu. Nilitafuta kadi,
na penye Toleo
nikajaza: la pili.