Kiambatisho cha Nane

Ripoti ya kwanza ilisema: Ndege, wachache.
Ndivyo. Tulikwenda Quriyat siku mbili za Julai,
joto nyuzi arubaini na sita,
na mimi mwenyewe nilihesabu nikiwa ndani ya gari,
kiyoyozi kikinipuliza usoni.
Shakwe tisa. Kulastara mmoja kivulini mwa mkoko,
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kisha, siku ya kikao cha wananchi,
akainuka Bi Ghaniya, muuguzi mstaafu,
akautua mezani mfuko wa duka la dawa, pu!
Madaftari kumi na moja ya shule.
Kila Ijumaa baada ya alfajiri, miaka kumi na moja,
kwa Kiswahili alichotoka nacho Wete
na tarakimu za Kiarabu zilizolala upande.

Sululu, arubaini na wawili.
Heroe, kumi na tisa, mmoja anachechemea.
Kitwitwi, wengi mno, nimekadiria.
Pembeni: Sikuja, nimefiwa na dada.
Pembeni: Wadi umeshuka, barabara hakuna.
Novemba: Leo wamejaa hata nikakaa chini.

Mhandisi Faisal akafunua kurasa mbili, akafunika.
"Hizi si takwimu. Haya ni mazoea ya bibi."
Sikumjibu. Nilikuwa na tende mdomoni,
na mkataba wa miezi sita.

Ijumaa iliyofuata nikaenda naye Bi Ghaniya,
yeye na kiti chake cha kukunja,
mimi na darubini ya kampuni,
tukapeana migongo tusichunguliane.
Mimi: mia mbili na kumi na wawili.
Yeye: mia mbili na tisa.
"Watatu wako," akasema, "ni mawe."
Nikatazama tena.
Yalikuwa mawe.

Usiku nne nikizinakili,
nikimpigia mama simu: sululu ni yupi hasa,
mama akicheka, akiniigizia mlio wake
mpaka baba akauliza kuna nini.

Sasa ni Kiambatisho cha Nane, kurasa sitini,
na ndani ya ripoti imebadilika sentensi moja tu:
Nguzo za gati zisipigwe kuanzia Oktoba hadi Machi.
Wizara bado haijajibu.

Bi Ghaniya aliuliza jambo moja:
"Na sifuri zangu umeziingiza?
Zile siku nilizokwenda nisione kitu?"
Nimeziingiza, Bibi. Thelathini na moja.
"Afadhali," akasema.
"Hata hao wasiokuja, niliwaamkia."