Jumatatu ya Kwanza, Friji Namba Tatu

Karibuni. Profesa alisema dakika tano,
maana yake kikao kitammeza hadi saa saba.
Basi mtanisikiliza mimi,
Sikudhani Mkwizu, fundi sanifu,
mwaka wa kumi na tisa ndani ya koti hili
na doa lake la zambarau lisilosikia sabuni.

Fungeni dirisha kwanza.
Tumbili wa Mlimani hawaogopi shahada.
Juzi wamebeba chapati za Makame
pamoja na daftari lake la wiki mbili.
Chapati hatukuziona tena.
Daftari tulilikuta juu ya paa,
limetafunwa pale pale penye wastani.

Mashine hii ya kuzungusha sampuli tunaiita Bi Harusi:
ukiufunga mfuniko kwa hasira, inasusa.
Ile pipeti ya bluu hudanganya kidogo;
tumeisamehe, ila hatuiamini.
Maji hutoka alfajiri, jazeni madumu.
Umeme ukikatika usishike simu,
shika mlango wa friji namba tatu, usiufungue,
na mwite Makame awashe jenereta.

Sasa sogeeni.
Vaeni glovu, baridi hii inaunguza kama pasi.
Rafu ya chini, boksi la pembeni, kalamu nyekundu:
*Visima, Vingunguti, 2009.*
Vichupa arobaini na kimoja.
Hakuna aliyevigusa tangu Ndelilio aondoke.
Alizama miaka minne, akaibukia benki.
Hatumcheki. Ada ilikwama, mtoto alizaliwa,
msimamizi akahamia ng'ambo na funguo za kabati.

Siku ya kuchota nilikuwa naye.
Bi Mwanahawa alitupa kigoda,
akateremsha ndoo kwa mkono wake,
akabonyeza dole gumba kwenye fomu ya ridhaa,
kisha akauliza:
"Mtarudi lini kuniambia?"
Ndelilio akasema wiki mbili.
Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mwaka juzi nilipita pale, nimekwenda msibani.
Kisima kimefukiwa, juu yake fremu tatu za maduka.
Yeye ndiye aliyenitambua.
Hakuuliza habari za maji.
Aliuliza kama yule kijana alimaliza shule.
Nikasema bado.
"Kweli masomo yenu marefu," akasema,
akanimiminia maji kwenye glasi.
Nikanywa yote.

Mnasomea uzamivu; neno lenyewe limeshawaonya.
Mtazama.
Mwaka wa pili, mwezi ambao hakuna anayepiga simu,
grafu italala chali kama mende aliyepuliziwa dawa,
na jioni, kituoni Savei,
mtadhani hata muuza karanga amejua kwamba hamjui.
Nyumbani watawaita dokta kabla ya siku yake.
Shangazi ataleta goti mlitazame.
Litazameni. Mpeni na kiti.
Halafu rudini hapa, mrudie jaribio la nne,
na la tano,
na mkikosea andikeni kwamba mmekosea,
kwa wino, si kwa penseli.
Kosa lililofutwa lilitugharimu miezi saba.
Sitasema lilikuwa la nani,
ila anasaini barua zenu za udahili.

Haya, daftari la friji.
Tumpale, anza. Kokuhirwa.
Na wewe uliye nyuma, unayejifanya unasoma tangazo la mwaka jana,
jina nani? Elipokea. Karibu, Elipokea.
Safu ya kwanza tarehe. Ya pili nyuzi joto.
Ya tatu nimeichora mwenyewe kwa rula,
haimo kwenye mwongozo, na Profesa anajifanya haioni:
*Nani anasubiri majibu.*
Msiiache wazi.
Msiandike jina la jarida.
Andikeni mtu, na mtaa wake,
na kama ana simu, simu.

Chai ni saa nne.
Sukari tunachangishana,
na Makame bado anadai chapati zake.