Vitufe Vipofu

Nembo puani ni ileile ya magari ya mabwana,
lakini ndani, kando ya usukani,
vimo vitufe vinne vipofu:
plastiki tupu, mahali pa starehe nisizolipia.
Kaka yangu Volkmar huvibonyeza akicheka.
"Heidrun, jina umelinunua. Gari wamebaki nalo."

Acheke.
Mimi natengeneza sauti za piano,
toka Bautzen hadi Görlitz, theluji au jua,
na masikio yangu hayahongeki.
Asubuhi injini hukohoa mara moja
kisha hutulia kwenye fa ya chini.
Gia ya tatu huingia bila ubishi.
Usukani hunijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Ila barabara za mawe za mji mkongwe, ah!
Springi ngumu zahesabu kila jiwe
na mgongo wangu wa miaka hamsini na sita
wahakiki hesabu.
Mlimani, malori hunipita. Sifichi.

Jumanne, wanawe Bi Petzold waliuza nyumba.
Piano ikachukuliwa na dalali.
Mimi nikapewa kiti chake,
kile cha kuzunguka, ngozi imechanika.
Nikalaza viti vya nyuma;
buti likameza kiti, sanduku la zana,
na gunia la viazi nililonunua njiani,
likafungika kwa sauti ndogo: tup.

Gizani, kidole changu
kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha pili.
Nikabonyeza.
Huko nyuma, kila kona,
kiti kilijizungusha robo,
kikilia kama kinachouliza
leo kakalia nani.