Kufuli

Ufunguo ulikaa hapa kifuani,
kwenye uzi wa leso niliouchana mwenyewe.
Ngowa ndiye aliyenivisha, akaniapisha:
"Nyevu, hata nikikuita kwa jina la mamako,
usifungue."

Kontena lilikuwa letu. La buluu, futi ishirini,
tulilinunua Magongo tufungue duka la nafaka.
Pesa za magunia zikaishia Bangladeshi,
mrija baada ya mrija.
Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Yule hakusifiwa na mtu. Alikopesha tu.

Tulikuwa tumejaribu.
Vidonge. Maombi ya mkesha.
Mganga wa Kaloleni alimtia mjusi chupani
ili mume wangu akinai.
Ngowa akamtoa mjusi kwa vidole viwili,
akamweka kando kwa adabu,
akanywa.

Kontena ni wazo lake mwenyewe.
Mbwarali fundi wa kuchomelea akatoboa matundu kumi na mawili
na moja pana la kupitishia bakuli.
"Shemeji," akaninong'oneza, "hili ni jiko."
Tukaezeka makuti juu ya bati, tabaka mbili,
kila adhuhuri nikayamwagia maji kwa ndoo.
Mnazi ule ule:
maji yake ndani ya damu ya mtu,
kuti lake juu ya kichwa chake.

Siku ya kwanza alituimbia.
Ya pili alitukana ukoo wangu, wazima na wafu,
kwa mpangilio mzuri, hakuruka mtu.
Ya tatu bati likaanza kutetemeka.
Nikadhani ni ndege inashuka uwanjani.
Ndege ikapita.
Bati likaendelea.

Dama muuguzi alikuja na tochi akitoka zamu,
akaingiza vidole tunduni, akashika kifundo cha mkono.
"Sitaki kujua mnafanya nini humu.
Nataka mapigo yake tu.
Yakizidi haya, Nyevu, utafungua, kiapo au si kiapo."

Usiku wa nne siafu walitoka ukutani wamevaa viatu.
Aliwahesabu kwa sauti.
Alipofika mia tatu na kumi akasimama,
akaniomba nimwazime mkono.
Nikaupitisha kwenye tundu la bakuli.
Chuma kilinichana, alama si hii?
Tukakaa hivyo, yeye ndani, mimi nje,
mpaka adhana ya alfajiri.

Siku ya tano hakuomba mnazi.
Aliomba limau.
Ningefungua, wallahi. Ufunguo ulikuwa umeshaingia kufulini.
Lakini nisikufiche:
miaka kumi na mmoja sijawahi kulala usingizi
kama wa siku zile,
kwa kuwa nilijua mume wangu yuko wapi.
Nikauchomoa.
Nikampelekea limau.

Siku ya tisa nilifungua.
Alikuwa amekaa juu ya debe, ndevu zimemjaa.
"Umefungua mapema," akasema.
Hakutoka mpaka jua la utosi,
tena alitoka kinyumenyume,
kama mtu anayeshuka ngazi.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne.
Kontena lina pojo, kunde, mbaazi,
na matundu yake tumeyaacha.
Akipima pojo mkono humcheza kidogo;
wateja hupata nyongeza, hawalalamiki.

Usiku ndio mgumu.
Hugeuka na kugeuka, uso upande wa Bangladeshi.
Basi hulichukua lile kufuli, nikalifunga hewani,
halifungi mlango, halifungi kitu:
ka!
Naye hulala.

Jana lilikwama. Kutu.
Nikalipaka mafuta ya nazi,
nazi ya nyumbani, iliyochemshwa juzi.
Chumba kizima kikanukia.
Ngowa akaketi kitandani gizani, akanusa,
asiseme neno.

Nami nikangoja,
kufuli li wazi mkononi.