Uzi wa Pamba

Aliingia na theluji mabegani, Jouko wa kina Saarela,
akaulaza upinde juu ya meza yangu
kama anayelaza mtoto mwenye homa.
"Ulianguka," alisema. "Ulikuwa kwenye ndoano, gereji. Ulianguka tu."

Sikumjibu. Niliwasha taa.
Miaka kumi na tisa katika duka hili la Ontonagon,
kati ya ziwa lisilo na chumvi na misitu ya misonobari,
nimeziona pinde zilizoanguka. Huwa na michubuko.
Huu haukuwa na mchubuko hata mmoja.
Ugwe ndio uliochomoka kwenye kapi ya juu,
ukaning'inia kama utumbo wa samaki.

Kwa asiyejua:
mshale si mzigo wa upinde, ni mlango wake.
Ratili sitini ulizozivuta hadi shavuni
zinatafuta pa kutokea. Ukiachia bila mshale
hazina pa kwenda, zinarudi nyumbani
kuvunja vyombo.
Mkono mtupu haulambwi, sawa.
Upinde mtupu hujing'ata.

Sikuuvuta. Upinde wa namna hii
haujaribiwi kwa kuvutwa;
anayethubutu anaujaribu kwa macho yake mwenyewe.
Niliubana kwenye mtambo, nikaulegeza robo mzunguko, robo tena,
nikachukua pamba, ile ya duka la dawa,
nikaipitisha juu ya mkono wa chini:
tumboni, mgongoni, kingoni,
kama unavyopapasa ukuta gizani ukitafuta swichi.
Hakuna kitu.
Jouko alishusha pumzi, nikamsikia.

Kapi ya chini niliizungusha kwa kidole, ikaenda sawa.
Ya juu ikayumba. Kidogo, unene wa kucha.
"Ekseli imepinda," nikasema. "Hiyo tunabadilisha."
"Bei gani?" Aliuliza haraka mno,
kama mtu aliyeambiwa ugonjwa mdogo
na anataka kuondoka kabla daktari hajageuza karatasi.

Halafu mkono wa juu.
Pamba ikateleza, ikateleza,
ikasita.
Nilipoiinua, uzi mmoja ulibaki,
mweupe, mfupi kuliko kope,
umenaswa na ufa ambao macho yangu, na miwani yake, hayakuuona.
Kipasha joto kilikuwa kinapuliza. Uzi ukatikisika.

Tuliutazama sote wawili. Nje, gari la kusukuma theluji
lilipita, likarudi, likapita.

"Ni wa Tapani," alisema.
Kaka yake. Yuko melini, anasafirisha madini ya chuma,
harudi hadi Desemba.
"Nilitaka kuona kama naweza kuuvuta.
Tangu tukiwa watoto anasema siwezi.
Niliuvuta, Vieno. Niliuvuta wote, hadi mwisho.
Halafu sikujua namna ya kuurudisha."

Ningeweza kumwambia mengi.
Nilimwambia bei ya mikono miwili,
kwa kuwa haibadilishwi mmoja mmoja,
mpya na mkongwe haivutani sawa;
na ugwe, na nyaya zake, na ekseli.
Wiki mbili, barabara isipofungwa.
Alihesabu noti, zikapungua. Nikasema zitafika.

Kwenye kadi niliandika jina la mwenye upinde.
Kwenye mstari wa sababu, kalamu yangu ilisimama.
Jouko akainyakua, akainama, akaandika mwenyewe
kwa herufi kubwa za mtoto wa shule:
NILIACHIA BILA MSHALE.
Akaisoma tena, akaongeza tarehe.

Alipotoka niliufungua ule mkono wa juu,
nikaukata kwa msumeno vipande viwili
kabla sijautupa kwenye pipa.
Ndiyo kawaida yangu,
asije mtu akauokota,
akaona umenyooka,
akauamini.