Mchuzi Wako Ule

Shaame, leo nimeupata ule mchuzi wako.
Sikuutafuta. Rukia ndiye aliyenikokota
hadi Mombasa kwa Mchina, nyuma ya gereji ya matairi:
mama twende, kuna pahala wanapika Kifilipino.
Nikasema mimi na mapishi ya watu wa meli
wapi na wapi.

Meza nne za plastiki. Feni moja, inakwenda na kuchoka.
Ubao wa chaki mlangoni: LEO KICHWA CHA NGURU.
Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: NGURUWE HATUNA.
Nikacheka peke yangu.
Herufi mbili tu, na kati yake pepo na jahannamu.

Mwenyewe jina lake Marisel,
kwa wakwe zake Makunduchi ni Maryamu.
Mfupi, mtandio umemteleza, f yake hugeuka p.
"Nimepurahi," akasema,
nami nikapurahi vilevile.

Bakuli likaja: bamia, bilingani, matembele,
jicho la nguru linanitazama.
Nikatia kijiko kinywani, taya zikakaza,
jicho langu moja likafumba lenyewe.
Ukali ule ule, Shaame,
uliokuwa ukiniomba kila ulipoteremka melini.
"Tia mbirimbi, mke wangu. Zaidi. Zaidi bado."
Nami natia tatu, kwa ghadhabu,
nikidhani wautukana mchuzi wangu wa nazi,
mchuzi alionifunza mama kwa makofi.
Miezi tisa unakula na kina Rodel na Dodong,
majina unayataja kama ya ndugu zako wa tumbo,
kisha unarudi kunifundisha jiko langu!
Ndivyo nilivyoona.

Na ule wali wako wa asubuhi:
wali wa jana, kitunguu thomu, yai juu.
Nilikwambia kwetu hicho ni kiporo, hupewa kuku.
Leo nimekikuta ubaoni, shilingi elfu nne.
Elfu nne. Kiporo.

Rukia anakula kwa uma na kijiko kama meneja wa benki.
Mimi nikaomba maji ya kunawa.
Marisel akanitazama, akavuta kiti, naye akanawa,
akafinya tonge kwa ncha za vidole,
akalisukuma kinywani kwa dole gumba.
Hivyo hasa ulivyokuwa ukisukuma wewe.
Miaka yote nilidhani ni madaha.

Usidhani nililia. Ulikuwa ukwaju.

"Huu ukwaju," nikamwambia. "Mume wangu akitaka mbirimbi."
Akashusha pumzi. Kwao nazo zipo, zina jina lao,
ila Mwanakwerekwe hazipati, na akizipata zimesinyaa.

Mti wetu wa uani, Shaame,
tangu uondoke hauchumwi.
Zinaanguka, zinaoza, Rukia anafagia kila Ijumaa,
sakafu ya saruji imeliwa na ukali hadi ina vishimo.
Nilikuwa nimeshapatana na mtu wa shoka.

Nikasema kesho nitaleta pakacha moja.
Bei gani? Nikataja. Akapiga ukelele, mpaka wa gereji akachungulia.
Bado tunavutana. Rukia keshavaa viatu,
anatikisa funguo.
Mimi nimeongeza wali, nimemimina mchuzi juu yake.
Chumvi imepungua kidogo.
Hilo nalo nitamwambia kesho.