Uzi Uliotiwa Nta

Mama yangu, Nyamizi binti Kapela,
hakuwahi kutoboka jino. Hakuna tundu, hakuna weusi.
Msimu mmoja wa maembe alimenya la kienyeji, lile lenye nyuzi,
akauma, akanyamaza,
akatema kiganjani jino zima, jeupe kama punje ya hindi.
Hakulia. Alilifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na hela ya chumvi,
akamalizia embe kwa upande wa pili.

Tulisema ni uzee.
Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mimi nina arobaini na nne,
nashona sare za shule barazani, Kanyenye,
na asubuhi mate ya mswaki yana rangi ya rozela.
Nimechokoa kwa njiti mpaka fagio limepungua.

Kitete, chumba cha meno, kijana mmoja, Lugendo,
alinimulika kinywani kama anayetafuta sindano iliyodondoka.
"Mama, unafagia uwanja tu.
Vichochoro vya kati ya nyumba na nyumba
hujaviingia tangu uote meno."
Akanikatia uzi, urefu wa mkono.

Nilicheka. Miaka ishirini na mbili natunga uzi,
leo nafundishwa uzi!
Kisha nikaupitisha puani: nta.
Hapo nikatulia. Nta naijua.
Baba alirina asali huko Sikonge,
na kipande chake kimo kwenye droo ya cherehani,
nakipakaza uzi wa vifungo usikatike.

Usivute kama msumeno, alisema, utachana nyama.
Ushushe taratibu, ulikumbatie jino
kama kola inavyokumbatia shingo,
uzame kidogo chini ya ufizi, upande nao.
Halafu jirani yake, kwa kipande kingine, kisafi.
Kila usiku.

Usiku wa kwanza ulitoka mwekundu. Wa pili pia.
Wa tatu nilitaka kuacha;
nani anakirudia kinachomtoa damu?
Lakini harufu iliyotoka na ule uzi, jamani,
ukoga wa njano, nyama ya Ijumaa,
karamu ambazo hata mwenye nyumba amezisahau,
mimi bado nilikuwa nimezitunza.

"Mama, unashona meno?" Kalunde akauliza mlangoni.
"Nafumua," nikamjibu. "Njoo, leta mdomo wako."
Akakimbia.

Usiku wa kumi na moja uzi ulitoka mweupe.
Niliuinua kwenye taa, nikaugeuza,
nikatafuta doa kama mteja mkorofi.
Halikuwepo.
Wote walikuwa wamelala. Sikuwa na wa kumwonesha.

Jino la mama ninalo, kwenye kopo la vifungo.
Juzi mteja aliliokota, akalishika kwenye mwanga,
akadhani ni kifungo cha pembe,
akaniuliza kama ninayo mengine matano
yanayofanana nalo.